Jiko la Kileleni Wakati wa Mvua Ndefu

Chebet, ambaye sasa ndiye mwenye jiko kule juu kwenye loji ya mlima Eburru, alinipigia simu kuuliza buti za wageni hukaushwa vipi bila kuharibika. Nikamweleza. Kesho yake akapiga tena kuuliza habari ya siafu. Mara ya tatu akasema, maana kule wote huniita mathe, yaani mama, "Mathe, si uandike tu? Hata hawa wengine wasome." Kwa hivyo ninaandika, nikiwa hapa Bondeni, mjini Nakuru, kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyokaa mama yangu. Nilipandishwa cheo lini na mshahara ulikuwa kiasi gani, hayo yako ofisini kwa anayeyataka. Mimi nitaandika juu ya mvua, kwa sababu kazi yetu kule mlimani ilikuwa ni mvua. Miezi ya jua mtu yeyote anaweza kuendesha loji.

Jina langu ni Mwanaisha. Nilipanda Eburru mara ya kwanza mwezi wa Aprili nikiwa msichana, baada ya jirani yetu aliyekuwa akipeleka vyakula kule kutuambia wanatafuta mtu wa kusaidia jikoni. Nilitoka nyumbani nimevaa buibui na ndara za plastiki, kama mtu anayekwenda sokoni. Gari lilituchukua Naivasha, likapita mashamba, likaanza kupanda. Tulipofika penye mvuke unaotoka ardhini nilimshika dereva mkono nikamwambia msitu unaungua.

"Ni mvuke tu, dada," akasema. "Huku ardhi yenyewe inachemka."

Akanionyesha watu waliotega mabomba juu ya mashimo yale, mvuke unapoa ndani ya bomba na kugeuka maji, yanadondoka kwenye pipa. Hayo ndiyo maji yao ya kunywa na ya kunywesha ng'ombe. Nilitazama mbingu imejaa mawingu meusi, nikatazama wale watu wanaokusanya maji tone kwa tone kutoka chini ya ardhi, nikaona nimekuja mahali pa ajabu.

Gari lilikwama kabla ya kufika. Sehemu iliyobaki tulipanda kwa miguu, matope yakameza ndara moja, na hadi leo iko huko. Niliingia jikoni nikiwa na mguu mmoja mtupu na buibui limeloa hadi magotini. Mpishi mkuu wakati ule alikuwa Njeri, mwanamke mnene wa Kinangop, mwenye sauti ya chini isiyolingana na mwili wake. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akavua gambuti zake akanisukumia.

"Wewe ni wa Bondeni? Basi chapati unajua. Mengine nitakufundisha."

Kisha akanionyesha vikaango viwili vilivyotundikwa ukutani. Kimoja kilikuwa na waya mwekundu uliofungwa kwenye mpini. "Hiki ni cha nguruwe," akasema. "Si chako. Hata kukiosha nitakiosha mimi." Na alikiosha yeye mwenyewe hadi siku aliyoacha kazi, hata siku alizokuwa na homa. Sijawahi kumwona mtu akitunza dini isiyokuwa yake kwa namna ile.

Njeri ndiye aliyenifundisha mvua. Asubuhi za Aprili huwa safi kabisa pale juu. Ukisimama nyuma ya tangi unaona ziwa la Naivasha upande mmoja, na ukigeuka unaona Elementaita inang'aa kama bati jipya. Mgeni anaamka, anatazama, anasema leo hakuna mvua, anaacha koti kitandani. Karibu na adhuhuri wingu linaanza kupanda kutoka upande wa ziwa. Haliji kwa kishindo. Linapanda polepole likishika miti, na ukiinua kichwa kutoka kwenye viazi unavyomenya, ule mwerezi mkubwa mbele ya dirisha haupo. Hapo unaanza kuhesabu wageni wako walioko nje.

Kabla ya mvua kubwa siafu huingia jikoni. Chebet, usimwage maji ya moto, watatawanyika na mtaumwa usiku kucha. Toa unga na sukari, fungua mlango wa nyuma, waache wapite. Watakula mende na panya kisha waende zao. Nimewahi kufanya kazi na wasafishaji waliokuwa wabaya kuliko hao. Baada ya siku chache maua mekundu ya mviringo yanatokeza kwenye majani kando ya njia, uyoga unaota kwenye magogo, na mbega wanaanza kunguruma alfajiri kila upande wa msitu, kama pikipiki nyingi zinazokataa kuwaka. Nyati nao husogea hadi karibu na tangi kwa sababu ya majani mabichi. Usitoke kumwaga takataka bila kupiga sufuria kwanza.

Na kuna perere. Mnyama mdogo tu, ukubwa wa sungura, lakini akilia usiku mgeni anaamini kuna mtu ananyongwa. Meneja mmoja aliandika maelezo akayabandika kila chumba. Wageni waliyasoma, halafu wakaja jikoni kuuliza ni nani anauawa.

Kuhusu buti: jaza magazeti makavu ndani, badilisha magazeti yakiloa, ziweke mbali na moto. Mgeni atakuomba uziweke karibu ili zikauke haraka. Kataa. Gundi ya soli ikiyeyuka, atashuka mlima akiwa amefunga miguu kwa kamba, na lawama zitakuwa zako.

Wapanda mlima ni watu wa namna nyingi na niliwapenda karibu wote. Wapo wanaokuja na raba nyeupe. Wapo wanaofika kileleni ndani ya ukungu, hawaoni hata mkono wao, na bado wanapiga picha kama mia hivi za weupe mtupu. Wapo wanaoingia mlangoni wanasema "Niaje mathe," na kabla sijajibu wanauliza mtandao unashika wapi. Nilikuwa nawaonyesha mwamba ulio nyuma ya tangi. Hapo ndipo simu ilishika, na hapo tu, na wakati wa mvua hata pale ilikuwa bahati.

Mama yangu hakuielewa kazi hii hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa vitumbua, anaamka kabla ya alfajiri, na kabla ya watu kwenda kazini sinia yake imekwisha. Nilipokuja nyumbani likizo ya kwanza aliniweka chini akaniuliza vizuri.

"Hao watu wanapanda mlima kwenda kufanya nini?"

"Kupanda tu, Mama. Wakifika wanalala, kesho wanashuka."

"Wanalipwa?"

"Hapana. Wanalipa wao."

 "Na mvua inawanyeshea?"

"Inawanyeshea sana."

"Basi wapikie vizuri," akasema. "Hao ni wagonjwa."

Tangu siku hiyo, kila akipata nafasi ya kuongea nami kwenye simu, alianza kwa kuuliza kama mvua imeacha huko juu na wagonjwa wangu wanaendeleaje.

Mtu mwingine mtakayemsikia akitajwa kule ni Cheruiyot. Alikuwa mwongozaji wa wageni kwa miaka mingi, mwembamba, mkimya, kichwani kofia ya sufu na juu yake mfuko wa nailoni. Msitu ule alijua kila njia yake. Alikuwa ameona bongo, yule mnyama mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye wageni hutoka mbali kumtafuta na wanarudi kwao bila kumwona. Cheruiyot alimwona zaidi ya mara moja, wakati wa mvua, kwenye bonde lenye udongo wa chumvi. Kila mvua ndefu ilipoanza alikuja dirishani kwangu.

"Mwanaisha, mwaka huu nikupeleke. Tukiondoka alfajiri, saa sita uko jikoni."

"Mwaka huu tumejaa," nilikuwa namjibu. "Mwaka ujao."

Na ilikuwa kweli, tulikuwa tumejaa. Miezi ya mvua ilikuwa ndiyo miezi ya mianzi kuchipua, ndege wengi, mapumziko ya Pasaka. Nilipika kwenye mlima ule miaka yote hiyo, nikawasikia watu wakisimulia walivyoona chui, walivyoona mbega mwenye mtoto mweupe, nami nikiwa nawajazia supu. Hilo bonde sijalifikia. Cheruiyot magoti yalimshinda, akaenda kukaa kwa binti yake Molo, na mwongozaji aliyefuata ananiambia hajawahi kuona hata unyayo wa bongo. Chebet, usiku wa kwanza utakaokuwa na wageni wachache, mwombe mtu akushikie jiko uende. Hata kama hutaona kitu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo Chebet hajaniuliza, kwa sababu haijui. Nimefikiria kama niiandike au niiache. Naiandika kwa sababu siku moja nyinyi pia mtasimama mahali nilipokuwa nimesimama, na sitaki mdhani kwamba ni mimi tu.

Njeri alikuwa ameshastaafu, jiko lilikuwa langu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Meneja alishuka Naivasha na gari kutafuta unga na gesi, akaondoka na kijana wa kusafisha vyumba ili amsaidie kubeba, na nyuma yao barabara ikakatika. Kilima kiliporomoka kikaziba njia. Tulibaki mimi na Cheruiyot, na kikundi cha wapanda mlima sita kutoka Nairobi waliokuwa wametoka asubuhi kwenda kuzunguka ukingo. Cheruiyot aliwakataza. Kiongozi wao, mwanamume mwenye ndevu na adabu nzuri, akasema watarudi mapema. Asubuhi ilikuwa safi. Nimeshawaambia habari ya asubuhi za Aprili.

Mchana ikaja mvua ya mawe. Baada yake wakatokea wanne, wameloa, midomo imebadilika rangi. Wawili walikuwa wameachana nao kwenye ukungu.  Cheruiyot alifunga mfuko wake kichwani, akachukua kamba na thamosi ya chai, akatoka kuwatafuta.

Miongoni mwa hao wanne kulikuwa na msichana anaitwa Wambui. Alikuwa mdogo kuliko wote, amevaa suruali ya jinzi, na jinzi ikiloa mlimani ni kama kuvaa barafu. Alisimama mlangoni anajaribu kufungua vifungo vya koti, vidole vinapita pembeni ya vifungo. Nikamuuliza jina lake. Alijibu kama mtu aliyelewa. Kisha nikaona jambo lililonitisha: wenzake wote walikuwa wanatetemeka, yeye ametulia.

Njeri alikuwa amenifundisha hilo mwaka wangu wa kwanza. "Anayetetemeka usimwogopee," alisema. "Akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, hapo ogopa."

Nilimvua nguo zote zilizoloa, nikamfunga kwa mablanketi makavu, kichwa pia, nikamlaza mbali na moto. Wenzake walitaka kumsogeza kwenye meko na kumsugua mikono. Nikawakataza. Mtu aliyeganda hupashwa moto polepole, na hasuguliwi. Nikajaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa, nikazifunga kwa vitambaa, nikaziweka makwapani. Kisha nikaingia ndani ya mablanketi pamoja naye, kifua changu kwenye kifua chake, maana joto la mtu ndilo dawa nzuri kuliko zote, na pale hapakuwa na mwingine mwenye joto.

Tukiwa hivyo, kiongozi wao aliingia kutoka nje. Alikuwa ameenda kwenye mwamba kujaribu kupata mtandao aombe msaada. Nilikuwa nimempa simu yangu kwa sababu yake ilikuwa imeingia maji.

"Mathe, umepigiwa simu kule kwenye mwamba," akasema. "Ni mtu anaitwa Rashid. Anasema ni muhimu. Anasema uende penye network umpigie."

Rashid ni ndugu yangu, kitinda mimba. Nilimwambia yule bwana aingie kwenye blanketi mahali pangu, nikachukua simu, nikakimbia hadi kwenye mwamba nikampigia.

"Dada," Rashid akasema. Sauti ilikuwa inakatika. "Mama amelazwa tangu jana. Anakuuliza wewe."

"Anasemaje daktari?"

"Daktari anasema tuite watu. Njoo leo, dada. Leo."

"Barabara imekatika."

"Njoo kwa miguu."

Nikamwambia anipe mama. Nikasikia kelele za wodi, nikasikia mtu akisema shika hivi, halafu mtandao ukapotea. Nilisimama pale mvua ikininyeshea, nikapiga na kupiga tena. Haikushika.

Niliporudi ndani, yule kiongozi alikuwa ametoka kwenye blanketi. Alikuwa anatetemeka sana, akasema anaogopa anamzidishia baridi badala ya joto. Alikuwa sahihi. Nikarudi mahali pangu. Wambui alikuwa amefumba macho. Nilimgusa shavu, nikamsemesha, nikamwuliza anatoka wapi, mama yake anaitwa nani, chochote cha kumfanya ajibu. Alifungua macho akanitazama karibu sana, akasema, "Mami, usiende."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kuna mahali natakiwa kwenda. Aliniona mama yake tu.

Alasiri ilipoingia Cheruiyot akarudi na wale wawili. Walikuwa wazima, wamechoka tu. Nilimweleza habari za nyumbani tukiwa mlangoni, kwa sauti ya chini. Hakukaa hata chini kupumzika.

"Twende," akasema. "Tukiondoka sasa hivi tutafika chini kabla ya giza. Tukichelewa, hapana. Nyati wako njiani."

"Umetoka sasa hivi kwenye mvua."

"Mama ni mama," akasema. "Chukua koti."

Nilichukua koti. Nililivaa mkono mmoja. Yule kiongozi akasikia, akaja akasema, "Mathe, nenda tu. Sisi tutamwangalia. Tuambie la kufanya." Alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai yote ilikuwa inamwagika kwenye vidole vyake kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka, na hakuwa na habari. Nikawatazama wenzake. Mmoja amelala akiwa amekaa, mwingine analia kimyakimya. Nikamtazama Wambui. Alikuwa ameanza kutetemeka kidogo, na hiyo ilikuwa dalili njema, lakini ilikuja na kukatika, ilikuja na kukatika.

Nikavua ule mkono wa koti.

"Kesho alfajiri," nikamwambia Cheruiyot.

 Akaenda kuongeza kuni.

Jua lilipozama Wambui alikuwa akitetemeka vizuri, meno yanagongana. Aliweza kushika kikombe cha uji wenye sukari nyingi. Baadaye akalala usingizi wa kawaida, mashavu yana rangi. Niliswali isha karibu na kitanda chake, nikamwombea mama.

Tuliondoka alfajiri na Cheruiyot. Mvua ilikuwa imepumzika. Mbega walikuwa wananguruma, maua mekundu yamejaa kando ya njia, jua likipenya kwenye miti kama siku ya sikukuu. Sikuwahi kuuona msitu ule ukiwa mzuri namna ile. Nilikuwa natembea haraka hata Cheruiyot akaniambia nipunguze, nitaumia. Karibu na chini, mtandao uliposhika, simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, na sikuhitaji kuusoma hata mmoja. Cheruiyot alivua kofia yake. Tulisimama kidogo, kisha tukaendelea, kwa sababu mazishi yalikuwa bado yananingoja.

Sisi Waislamu hatukawizi maiti. Na kumwosha mama ni kazi ya binti yake. Nilimwambia Rashid kwenye simu nimeshashuka, wanisubiri. Akasema watasubiri hadi adhuhuri. Nikapata pikipiki, tukafika kwenye korongo tukakuta limejaa maji mekundu yanayobeba magogo, watu wamesimama pande zote mbili wakitazama. Nilitaka kuingia kwa miguu. Mwenye pikipiki alinishika mkono, akasema, "Mathe, hapana." Tukangoja maji yapungue.

Nilifika Bondeni baada ya alasiri. Mikeka ilikuwa bado imetandikwa nje, wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Bi Rukia, jirani yetu, ndiye aliyemwosha mama. Aliniambia uso wake ulikuwa mtulivu, na kwamba alimpaka udi mzuri, na mimi nikamshukuru. Gambuti zangu zilikuwa na matope ya Eburru hadi juu, nikaziacha mlangoni.

Rashid hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliniletea maji ya kunywa, akakaa mkabala nami.

"Aliuliza kama mvua imeacha huko juu," akasema. "Nikamwambia imeacha, uko njiani."

Ndivyo nilivyoyapokea maneno ya mwisho ya mama, na ndivyo nilivyoishi nayo. Sikumweleza habari ya Wambui. Nilijaribu mara moja, siku ya tatu, nikaanza kusema kulikuwa na msichana mgonjwa, na Rashid akainuka kwenda kukaribisha wageni. Miaka iliyofuata nilikuwa nikija kila Idd. Alinipokea, mke wake alinipikia, tulizungumza juu ya shule za watoto na bei ya unga. Habari ya mlima hakuiuliza tena, nami sikuileta. Kwake ilikuwa wazi kwamba mama aliita, na mimi nilibaki kupikia wageni.

Wambui alirudi. Ilikuwa miaka mingi baadaye, mvua ndefu tena, ana mume na watoto wawili. Sikumtambua hadi alipoanza kusimulia mezani. Alisimulia kwa kicheko, alivyovaa jinzi mlimani kama mjinga, alivyoganda hadi akamwita mpishi mami. Watoto walicheka sana. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na bakuli la supu. Mumewe akauliza, "Na huyo mpishi?" Wambui akageuka, akaniangalia, akaweka kijiko chini.

"Ni wewe," akasema. Akasimama akanikumbatia, akalia hapo hapo mbele ya watoto. "Sikurudi kukushukuru. Nilipona, nikaendelea tu na maisha. Nisamehe."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe, anywe supu kabla haijapoa.

Nilifikiri kumwambia lile lingine. Watoto wake walikuwa wananitazama, mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele. Angefanya nini na habari hiyo? Angeibeba ashuke nayo mlima, na isingenipunguzia mimi chochote. Kwa hivyo nikarudi jikoni. Nilifurahi kuwaona wale watoto, naomba mlielewe hilo. Nilifurahi kweli. Lakini usiku ule nililala nikiwaza kwamba nikirudishwa pale mlangoni na mkono mmoja wa koti, bado sijui ningefanya nini. Watu hupenda kusema wangefanya vilevile. Mimi sijui. Kila masika nimechagua upya moyoni, na mara nyingine, katika mawazo hayo, nimeshuka na Cheruiyot jioni ile ile.

Mwaka huu nilipostaafu, meneja alisema gari litanishusha. Siku mbili kabla, Rashid akapiga simu akasema atakuja yeye kunichukua. Alikuwa hajawahi kupanda kule hata mara moja. Alikuja na gari la kuazima, barabara imenyeshewa, na mahali nilipopoteza ndara siku ile ya kwanza gari lake likakwama. Akapanda kwa miguu. Alifika kileleni mchana, mwanamume mwenye mvi sasa, viatu vya ngozi vimejaa matope, anapumua kwa shida. Wingu lilikuwa limeshapanda. Hakuona ziwa wala msitu.

Chebet alimletea kiti. Alikaa karibu na meko, akanyoosha mikono.  Nilikuwa nafunga vyombo vyangu kwenye sanduku, visu vyangu na ule ubao wa chapati.

"Dada," akasema mwishowe.

"Naam."

"Kumbe ni mbali hivi."

"Ni mbali."

"Na hii barabara, ile siku, ilikuwa hivi?"

"Haikuwepo kabisa," nikasema.

Aliangalia moto.  Mara nyingi nilikuwa nimemfikiria akiuliza hivyo, na katika kufikiri kwangu nilikuwa na maelezo marefu, habari ya vifungo na chupa za maji na chai iliyomwagika kwenye vidole. Sasa ameuliza, na mama ameshakaa kaburini miaka yote hii, na sisi wenyewe ni wazee. Nilimmiminia chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema nisifunge sanduku peke yangu, akinywa atanisaidia.